Kabla ya kutafuta chanzo kipya, mkapime usiku

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji katika kata moja ya Mufindi. Tuna vijiji vinne, watu kama 7,800, vilula 26 vya kuchotea maji na wateja wa majumbani 310. Maji yetu ni ya mserereko, yanatoka kwenye chemchemi mlimani na kuingia tenki la lita 100,000. Kila mwaka ikifika Septemba tunaingia kwenye mgao mpaka mvua zishike. Novemba iliyopita fundi wa wilaya alipima chanzo akapata lita 2.5 kwa sekunde, na mwezi huo tuliuza uniti 2,700 (uniti moja ni lita 1,000). Bei yetu ni shilingi 20 kwa ndoo, yaani 1,000 kwa uniti. Sasa kamati imegawanyika. Diwani anataka tutafute chanzo cha pili au tuchimbe kisima kirefu. Mwenyekiti anasema wananchi wahimizwe kubana matumizi na bei ipande. Wengine wanasema wabaya wetu ni wenye vinyungu (bustani za mabondeni) na mikaratusi kule juu, waondolewe. Fedha tulizo nazo hazitoshi kufanya mambo mawili. Tuanze na lipi?

Jibu: Marahaba, Katibu, na kamwene kwa wote huko juu kwenye ukungu.

Msianze na chanzo, wala bei, wala mikaratusi. Anzeni na usiku mmoja pale kwenye tenki. Nitaeleza kwa nini, na hapo itabidi univumilie, maana kila upande wa kamati yenu una ukweli wake, na ndiyo sababu hamjaafikiana.

Nakushukuru kwanza kwa kuniandikia namba. Wengi huniandikia "maji hayatoshi" na kuishia hapo. Wewe umenipa vitu viwili ambavyo tukiviweka pamoja vinasema jambo zito. Lita 2.5 kwa sekunde, ukizidisha kwa sekunde 86,400 za siku nzima, ni lita 216,000, yaani uniti 216 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 6,480. Mmeuza 2,700. Kwa hiyo uniti 3,780 hazimo kwenye daftari, ambazo ni asilimia 58 ya maji yote ya mwezi ule mgumu, mwezi ambao akina mama walikuwa wanapanga ndoo tangu alfajiri. Kwa mamlaka za maji za mijini, kiwango ambacho EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati, inakitaja kuwa kinavumilika ni asilimia 20. Nyinyi ni chombo cha kijijini, hamlinganishwi moja kwa moja na mji, lakini 58 ni 58 popote.

Sasa ligawe lile lililouzwa kwa watu. Uniti 2,700 kwa mwezi ni uniti 90 kwa siku, na kwa watu 7,800 ni lita 11 na nusu kwa kila mtu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kwenye kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, na bomba moja lihudumie watu wasiozidi 250. Kwa idadi ya vilula hamko vibaya kabisa. Kwa lita mko chini ya nusu.

Hapo ndipo ninapomkatalia Mwenyekiti, kwa heshima zote. Mji wa Cape Town ulipokaribia kukaukiwa mwaka 2018, serikali yake iliwabana wakazi watumie lita 50 kwa mtu kwa siku, na dunia nzima ikaandika habari ya mateso yale. Watu wako Novemba walitumia chini ya robo ya hizo. Mama anayeoga, kupika, kufua na kunywesha watoto kwa nusu ndoo kwa siku hana cha kubana. Ukimsimamisha mkutanoni na kumfundisha kutunza maji, atakusikiliza kwa adabu, kisha atapita njiani na kuona tope linalobubujika juu ya bomba lenu, na kuanzia siku hiyo hatawaamini tena. Kwa hali yenu, anayetakiwa kubana matumizi ni chombo chenyewe.

Lakini nisiseme kwamba uniti zote 3,780 zimevuja. Sijui, na nyinyi pia hamjui, na hilo ndilo tatizo la kwanza. Huenda sehemu haikuwahi kuingia kwenye bomba, ilimwagikia pale pale kitekeoni, yaani mahali maji yanapochukuliwa kutoka chemchemi, kwa sababu chujio limeziba majani. Huenda nyingine inamwagika juu ya tenki usiku. Huenda shule, zahanati na nyumba za walimu zinatumia bila dira ya kupimia maji. Huenda yupo aliyejiunganishia kinyemela, au dira zimechakaa na zinasoma pungufu. Na sehemu, ambayo kwa uzoefu wangu huwa kubwa, inavuja ardhini. Kila moja ya hizi ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine. Ndiyo maana nasema mpime.

Kipimo cha kwanza ni cha mchana na hakigharimu kitu. Pimeni maji yanayoingia kwenye bomba kule kitekeoni, kisha siku hiyo hiyo pimeni yanayofika tenkini. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 8, hizo ni lita 2.5 kwa sekunde. Ndoo hujaa haraka na mkono huchelewa, kwa hiyo kama mnaweza kupata pipa la lita 200 ni bora zaidi: litajaa kwa sekunde 80, na kosa la sekunde moja halitawasumbua. Rudieni mara tatu, mchukue wastani. Ikiwa kitekeoni ni 2.5 na tenkini ni 1.8, basi bomba la kuleta maji linavuja kabla hata hamjaanza kugawa, na tayari mmejua mahali pa kutembea.

Kipimo cha pili ndicho cha usiku. Fanyeni wakati hamko kwenye mgao, maji yakiwa yametoka mfululizo kwa siku mbili au tatu, ili simtanki za watu ziwe zimejaa. Sasa hivi, kabla ya Septemba, ndio wakati wake. Saa 7 usiku, watu wamelala, fungeni valvu ya maji yanayoingia tenkini. Acheni ya kutoka ikiwa wazi. Wekeni alama ya usawa wa maji kwa fito au kwa futi kamba. Rudini saa 10 alfajiri muone yameshuka sentimita ngapi.

Tuseme tenki lenu ni la duara, kipenyo kama mita 7. Eneo lake la ndani ni karibu mita za mraba 40, kwa hiyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita 400. Yakishuka sentimita 45 kwa saa tatu, hizo ni lita 18,000, au lita 6,000 kwa saa, wakati kijiji kizima kinakoroma. Ondoeni kidogo kwa ajili ya mtu aliyeamka na kwa simtanki moja moja inayojaa. Kinachobaki ni mivujo, au mtu anayemwagilia bustani usiku. Halafu, bila kuondoka hapo, fungeni tawi la kijiji kimoja, subirini nusu saa, msome. Fungueni, mfunge la pili. Tawi ambalo likifungwa tenki linaacha kushuka ndilo lenye ugonjwa. Mwishoni fungeni kuingia na kutoka kote kwa saa chache: kama maji bado yanashuka, tenki lenyewe lina ufa.

Nimeona mafundi wenye vifaa vya mamilioni wakiidharau njia hii. Msiidharau. Kwa mabomba ya chuma unaweza kuweka nondo juu ya valvu, ukaweka sikio na kusikia mvujo ulipo, lakini kwenye mabomba ya plastiki sauti hufia njiani. Kufunga tawi moja moja hakujali bomba ni la aina gani. Nawaomba tu msitangaze usiku huo. Fundi, mtu mmoja wa kamati na mwenyekiti wa kijiji chenye tenki wanatosha. Kama kuna mtu amejiunganishia, tangazo litamfanya afunge koki siku hiyo, na namba mtakayopata itawadanganya.

Mkishajua tawi, tembeeni juu ya bomba. Huko Mufindi ukungu na manyunyu ya Juni hadi Agosti hulowesha kila mahali, hutaona kitu. Mivujo hujionyesha Septemba na Oktoba: majani mabichi katikati ya ukavu, ng'ombe wanaopenda kusimama mahali pamoja, matope kwenye njia ambayo haijaona mvua kwa miezi. Watoto wanaochunga wanayajua maeneo haya kuliko fundi wenu. Waulizeni.

Wala msidharau kamvujo kadogo. Tundu linalojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika nne hutoa ndoo 360 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 216, sawa na shilingi 216,000 kwa bei yenu, kwenye kiungio kimoja tu. Bomba kubwa likipasuka, kila mtu hupiga kelele na linazibwa siku hiyo hiyo. Likitoa lita 5 kwa sekunde kwa saa 12, mmepoteza uniti 216. Kale kamvujo kasiko na kelele, kakikaa miezi sita, kamekula karibu uniti 1,300. Kwa hiyo pamoja na kuziba, hesabuni pia siku: tangu mtu aone mpaka fundi afike, ni siku ngapi? Simu moja ya chombo inayojulikana na kila mhudumu wa kilula, na viungio vya akiba stoo badala ya kuvifuata Mafinga kila mara, hupunguza upotevu kuliko semina yoyote.

Kuna jambo la milima yetu ambalo lazima nilisemee kwa kirefu, nalo ni msukumo. Maji ya mserereko ni baraka, hayalipi umeme. Lakini kila mita 10 za kuteremka zinaongeza msukumo wa baa moja. Ikiwa kijiji chenu cha chini kipo mita 130 chini ya tenki, basi usiku, mabomba yakiwa yametulia na hakuna anayechota, kule chini kuna baa 13. Bomba la daraja la PN 10 limetengenezwa kuhimili 10. Mchana watu wanapochota, msukumo hushuka na hakuna anayeona tatizo. Mabomba hupasuka usiku, na asubuhi fundi analaumu panya na majembe. Ndiyo maana wasanifu huweka matenki madogo ya kupunguza msukumo njiani. Nendeni mkayafungue. Mara nyingi utakuta mfuniko umevunjwa na boya la kufunga maji tenki likijaa limeng'olewa, au limekwama, na maji yanamwagika nje ya tenki hilo usiku kucha kuelekea korongoni mahali ambapo hapiti mtu. Boya ni kitu cha bei ndogo. Nimewahi kuona kijiji kikilia kiu mwaka mzima kwa sababu ya maboya mawili.

Na msukumo ukipungua, mivujo yote hupungua hata ile ambayo hamjaiona. Kwenye mabomba ya plastiki ufa hufunguka zaidi unaposukumwa na hujibana unapoachiwa, hivyo ukipunguza msukumo kwa nusu, mvujo unaweza kupungua zaidi ya nusu. Waulizeni pia wazee mradi wenu ulijengwa lini. Miaka ya 1980 Denmark, kupitia DANIDA, ilisaidia mipango ya maji ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, na mabomba mengi ya mserereko katika nyanda hizi ni ya enzi hizo. Kama lenu ni mojawapo, lina umri wa miaka 40 hivi, na kuna vipande ambavyo havistahili kiraka tena, vinastahili bomba jipya. Hapo ndipo fedha zenu chache ziende.

Mgao nao. Najua mnaufanya kwa nia njema, ili kila kijiji kionje. Lakini mgao hautunzi maji. Mtu akijua maji yanakuja Jumatano, anaacha koki wazi tangu Jumanne usiku, anajaza kila chombo, na Jumamosi yakija mapya anamwaga ya zamani. Bomba likiwa tupu linaingiza hewa, maji yakirudi hewa inazungusha dira, na mteja anakuja kwako na ankara ya upepo. Hapo ana haki ya kukasirika. Kule kujaa na kukauka kila siku mbili kunachosha viungio. Na baya kuliko yote: bomba tupu lenye tundu hunyonya. Tundu lile lile lililokuwa linatoa maji sasa linavuta maji ya tope yaliyolizunguka, na kama jirani yake kuna choo cha shimo, unajua kinachofuata. Homa ya matumbo na kipindupindu hupita hapo. Kama hamna budi kugawa, gaweni kwa saa, kila kijiji kila siku kwa saa chache zinazojulikana, kuliko siku nzima za ukavu, na wahudumu wa vilula wawaambie watu wachemshe ya mwanzo.

Sasa Diwani. Hajakosea, amewahi tu. Tufanye hesabu yake kwa haki. Watu 7,800 kwa lita 25 wanahitaji uniti 195 kwa siku. Hata mkifanya kazi nzuri mkabaki na upotevu wa asilimia 20, chanzo cha uniti 216 kitawafikishia watu uniti kama 173, yaani lita 22 kwa mtu katika mwezi mgumu kuliko yote. Mtakuwa mmekaribia kuzidisha mara mbili maji ya kila nyumba bila kugusa chemchemi nyingine, lakini 25 bado haijafika, na hapo sijaweka ng'ombe wala wanafunzi wa bweni. Halafu watu wanaongezeka. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 nchi ilitoka watu milioni 44.9 hadi 61.7, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa mwendo huo idadi hujirudia mara mbili ndani ya miaka 22 hivi. Kata yenu inaweza kwenda taratibu zaidi, maana vijana wanashuka Mafinga na Makambako, kwa hiyo tumieni madaftari ya wakazi ya vijiji vyenu badala ya wastani wa taifa. Lakini mkikua kama taifa, miaka 10 ijayo mtakuwa watu karibu 10,700, mtahitaji uniti 267 midomoni mwa watu, na kwa upotevu wa asilimia 20 itabidi chanzo kitoe uniti 334 kwa siku, sawa na lita 3.9 kwa sekunde. Mnazo 2.5. Pengo ni lita 1.4 kwa sekunde. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea Diwani: nayo ni silaha nzuri zaidi ya kuombea fedha wilayani kuliko neno "maji hayatoshi".

Mkiileta hiyo 1.4 leo kwenye mabomba haya haya, asilimia 58 itafuata njia ile ile, na watu wataipata 0.6 tu. Nasema haya kwa uchungu wa mtu aliyeyafanya. Nikiwa kijana kazini tulipeleka chanzo cha pili kwenye mji mdogo wa nyanda hizi. Tulikata utepe, tukapigiwa vigelegele. Msukumo ulipoongezeka, mabomba ya zamani yakaanza kupasuka mtaa baada ya mtaa, na Oktoba iliyofuata mgao ukarudi kama ulivyokuwa. Hakuna aliyekuwa amepima upotevu kabla ya kuchora ramani, na mimi nilikuwa mmoja wa wachoraji.

Kinyume chake kipo, na si kwa matajiri. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ulikuwa umetoka vitani na mwaka 1993 ulikuwa unapoteza asilimia 72 ya maji yake. Mkurugenzi wao, Ek Sonn Chan, aliweka dira kwa kila mteja, akabadilisha mabomba chakavu, akawatoza hata wakubwa waliozoea bure. Miaka 15 baadaye upotevu ulikuwa karibu asilimia 6.

Juu ya kisima kirefu nitasema machache. Miamba yetu ya nyanda za juu huhifadhi maji kwenye nyufa na kwenye udongo uliooza juu ya mwamba, hivyo mashimo mawili yaliyo mita 100 baina yao yanaweza kutofautiana kabisa. Msichimbe bila utafiti. Na pampu inataka umeme au sola, na sola wakati wa ukungu wenu si ya kutegemea peke yake. Chemchemi ya pili inayoshuka yenyewe, hata kama ni ya mbali, itawagharimu zaidi kidogo mwanzoni, lakini kidogo sana kila mwezi. Popote mtakapokwenda, msipime Machi. Pimeni mwisho wa Oktoba na Novemba, na si mwaka mmoja. Anzeni daftari leo: kila tarehe mosi, kipimo cha chanzo, pamoja na mvua kama shule au kiwanda cha chai jirani kinaipima. Miaka mitatu ya daftari hilo itakuwa na thamani kuliko ripoti ya mgeni wa siku mbili.

Vinyungu na mikaratusi nimeviacha mwisho kwa sababu ni jambo la moyo, na linaweza kuwavunja. Sheria iko upande wenu: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za vyanzo vya maji. Lakini kinyungu ndicho kinacholisha nyumba kiangazi, mboga, maharage na mahindi mabichi wakati ghala limepungua. Mtu ukimfukuza kwa amri bila kukaa naye, atakata bomba lenu usiku, na mtamtafuta hamtampata. Tofautisheni. Kinyungu kinachochimba mifereji kukausha tindiga la chemchemi, au kinachopulizia dawa juu ya kitekeo, lazima kihame, na kijiji kimtafutie mwenyewe sehemu ya chini ya kitekeo kabla hajahama. Kilicho mbali bondeni kinaweza kusubiri mazungumzo.

Mkaratusi ni habari nyingine. Kule Mokobulaan, Afrika Kusini, watafiti walipanda mikaratusi mwaka 1969 katika bonde lenye kijito cha kudumu. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, na ilichukua miaka mingine mitano hadi maji yarudi sawasawa. Chukueni somo lote, si nusu yake: mikaratusi iondoke, lakini msiyahesabu maji yake kwenye mpango wa Oktoba hii wala ijayo. Mwenye miti mwacheni avune na kuuza mwenyewe, mkubaliane tarehe, na visiki ving'olewe, maana vikiachwa huchipua na kunywa upya. Badala yake pandeni mivengi, miti ambayo wazee wetu hawakuigusa kwenye chemchemi. Na kabla ya lolote nendeni ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji pale Iringa, mkahakikishe kibali chenu cha kutumia maji kipo na hakijapitwa na wakati, kisha muombe wataalamu waje kuweka mipaka. Vigingi vya Bonde vina nguvu kuliko kauli ya kamati. Na Bonde ni wakali kwa sababu: Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi kule hifadhini mwaka 1993, na baadhi ya mito ya wilaya yenu, kama Ruaha Mdogo unaonywesha Iringa mjini, inaingia kwenye mto huo huo.

Bei inaweza kupanda, siku moja. Lakini anzeni na wale wasiolipa kabisa: wekeni dira shuleni, kwenye zahanati, kwa walimu na kwa viongozi, mkianza na nyumba za wajumbe wa kamati. Dira moja ya jumla pale tenkini na moja kwa kila tawi la kijiji ndizo nitakazonunua kwanza nikiwa na fedha zenu, mara tu baada ya maboya na viungio. Baada ya hapo, mkipandisha, mtasimama mbele ya mkutano na daftari mkononi.

Kwa usiku ule bebeni tochi mbili, futi kamba, daftari, kalamu mbili na makoti mazito. Kisha niandikie namba tatu: lita kwa sekunde zinazoingia bombani kitekeoni, lita kwa sekunde zinazofika tenkini, na sentimita zilizoshuka kati ya saa 7 na saa 10. Uniambie na jina la tawi ambalo tenki lilitulia mlipolifunga, na kijiji chake kipo mita ngapi chini ya tenki. Tukipata hizo, tutajua kipande cha bomba cha kununua kabla ya Septemba.